Tusiyazibe Mabaraza Yetu



Naomba nafasi katika jarida la shule yetu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni baraza la nyumba. Najua kwamba wasomaji wamezoea kukuta humu habari za michezo, mitihani, nidhamu na shamba la shule. Lakini muhula uliopita, katika mkutano wa wazazi na walimu, lilitolewa shauri kwamba veranda za mabweni mawili zizibwe kwa matofali ili tupate mahali pa kuongeza vitanda. Shauri hilo lilipigiwa makofi mengi. Sisi viranja tuliokuwa tumeketi nyuma tulipiga makofi pia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Baada ya hapo nilikwenda likizo nyumbani, na niliyoyaona huko yamenifanya niyajutie makofi yangu. Hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Baraza ni ile sehemu ya nyumba iliyo chini ya paa lakini nje ya mlango. Ukiketi hapo huwezi kusema u ndani, wala huwezi kusema u nje. Jua halikupati, mvua haikupati, lakini upepo wakupata, na wapitao njiani wakuona nawe wawaona. Watu wa pwani hulijenga kwa mawe na chokaa, likawa kama benchi refu lililoshikamana na ukuta. Huku kwetu bara aghalabu ni sakafu ya udongo au ya saruji iliyoinuliwa kidogo, yenye nguzo za miti au za matofali mbele yake, nasi twaiita kibaraza au veranda. Jina lolote utakalolitumia, kazi ni ile ile.

Wenzangu wa Kidato cha Nne wataniambia kwamba wao neno baraza walijua kwa maana nyingine, kwa kuwa mwisho wa mwaka tutapimwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo twaliogopa kuliko mamba wa ziwani. Ni kweli. Tuna Baraza la Mawaziri. Tuna Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Baraza la Wawakilishi, na sikukuu ya Idi ikifika viongozi huhudhuria Baraza la Idi. Je, twadhani kwamba neno moja limepata maana hizo zote kwa bahati tu? Hasha. Wazee walipokuwa na shauri hawakukodi ukumbi. Walikaa barazani kwa mmoja wao, na mahali walipokaa pakawapa jina. Hata leo balozi wa nyumba kumi akiwa na ugomvi wa mpaka wa kiwanja, hawaiti wagomvi chumbani mwake akafunga mlango. Huwaketisha barazani, ili jirani asikie, na kesho asiwepo mtu wa kukana aliyoyasema. Basi anayeziba baraza aziba mahali ambapo demokrasia yetu ilijifunzia kusema.

Atakayekwenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, ataona mabaraza ya mawe kando ya njia zake nyembamba. Hapo watu hunywa kahawa, hucheza bao na kupashana habari. Mvua kubwa ikinyesha na njia ikajaa maji, wapita njia hupanda juu ya mabaraza hayo wakaendelea na safari. Huko Lamu nyumba za zamani zina daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango mkubwa, na mgeni hupokewa hapo kabla hajajulikana kama ataingia au hataingia. Sultani Barghash naye, alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, hakuridhika na kuta peke yake bali aliizungushia veranda pana. Jengo hilo liliharibika sana lilipoanguka sehemu yake mwezi Desemba 2020, lakini picha zake zipo, na kila azitazamaye ataona kwamba hata mwenye mali nyingi alihitaji kivuli cha kusimama na kutazama watu.

Nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma, ilifuata njia za biashara ikaenea mpaka miji ya bara. Katika somo la Historia tumesoma jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871. Jambo ambalo wengi hatulikumbuki ni mahali walipoketi. Livingstone hakumwingiza mgeni wake chumbani. Alimwonyesha baraza la udongo lililokuwa mbele ya nyumba, chini ya paa lililotokeza, wakaketi hapo na watu wa mji wakiwatazama. Mazungumzo yaliyokuja kusifiwa duniani kote yalianza barazani.

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya pwani, na sisi watu wa Ziwa hayatuhusu. Nyumba ya msonge ya Kisukuma, ambayo mfano wake waweza kuonwa katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, ina paa la nyasi linaloshuka na kupita ukuta. Tena kila kaya ilikuwa na shikome, yaani penye moto wa nje, ambapo jioni wazee na vijana walikusanyika wakaota moto, wakategana vitendawili na kufundishwa mila. Shikome si baraza, wala sitaki kuwadanganya wasomaji. Lakini maana yake ni moja: palikuwa na mahali pa wazi ambapo mtu alikuwa nyumbani na wakati huo huo alikuwa pamoja na wenziwe.

Katika mji wetu wa Mwanza, maduka ya zamani yalijengwa na veranda mbele yake. Hapo fundi cherehani aliweka mashine yake, na mtu aliyekuja kununua kitambaa dukani alikipeleka hatua tatu tu akapimwa nguo. Hapo mvua ilipokuja watu wote walijibanza, tajiri na maskini, wenye haraka na wasio na haraka. Kule Kirumba, karibu na mwalo, nimewaona mara nyingi akina mama walioanika dagaa wakitazama wingu jeusi likija kutoka ziwani. Mvua ya kwetu haina hodi. Wingu likishavuka maji, hapana muda wa kutafuta ufunguo wala kuhamisha viti vya sebuleni. Dagaa hukimbiziwa kwenye baraza la karibu, liwe la nani, na mwenye nyumba haulizwi.

Tena baraza ni elimu. Tumefundishwa katika Jiografia kwamba Mwanza iko kiasi cha nyuzi 2 na nusu kusini ya Ikweta. Kwa hiyo jua la saa sita mchana katika mwezi wa Juni huwa upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 26 kutoka utosini, na mwezi Desemba huwa upande wa kusini, kiasi cha nyuzi 21. Chora pembetatu katika daftari lako la Hisabati, nawe utaona kwamba paa lililotokeza mita 1 laweza kutia kivuli ukuta wa kaskazini kwa kiasi cha mita 2 kwenda chini, hata siku ile ambayo jua la mchana limeinama kabisa upande huo. Paa likitokeza mita 1 na nusu, karibu ukuta wote wa nyumba ya kawaida hukaa kivulini saa za joto kali. Jua la asubuhi na la jioni huja kwa chini likapenya, hilo sikatai. Lakini lile la mchana hakuna kitu rahisi cha kulizuia kushinda paa lililorefushwa. Halihitaji umeme, wala halipeleki bili mwisho wa mwezi.

Na mvua ni vivyo hivyo. Upepo wa ziwa huyarusha matone yakapiga mguu wa ukuta, na nyumba ya matofali mabichi isiyo na upenu huanza kulika chini mwaka hata mwaka, mpaka siku moja kipande kinaanguka na mwenye nyumba asema amelogwa. Hakulogwa. Alipunguza mabati mawili ili aokoe fedha, na mvua imemdai.

Wala si sisi tu tulioyajua haya. Katika kitabu kimoja cha maktaba nimesoma juu ya nyumba za kienyeji za Japani. Wajapani wana kitu wakiitacho engawa, nacho ni sakafu nyembamba ya mbao ipitayo kando ya vyumba, chini ya upenu, ikitazama bustani. Kati yake na chumba kuna milango ya karatasi ya kusukuma, iitwayo shoji, na upande wa nje huwekwa mbao za kuzuia dhoruba, ziitwazo amado. Nchi yao iko mbali na Ikweta. Kwa sababu hiyo jua lao la majira ya joto huwa juu na paa hulizuia, na jua la majira ya baridi huwa chini nalo huingia mpaka ndani likawapasha watu moto. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni adabu yake. Katika nyumba ya Kijapani mtu haingii na viatu. Jirani apitaye aweza kuketi ukingoni mwa engawa, miguu ikiwa chini na viatu vyake miguuni, akanywa chai, akazungumza, kisha akaenda zake. Hakuingia ndani, wala hakuachwa nje. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani, maana nilimwona Bibi yangu na shoga zake wa Kirumba. Watu wawili wasiojuana, mmoja kando ya Ziwa Viktoria na mwingine katika visiwa vya Mashariki ya mbali, wakijenga kitu kimoja, basi kitu hicho hakikubuniwa kwa upuuzi. Na huko pia, nyumba nyingi mpya za mijini hazina engawa tena. Ugonjwa huu si wetu peke yetu.

Sasa nataka kuwasikiliza wapingao, kwa sababu wana hoja na haifai kuwadharau.

Wako wasemao kwamba veranda ni jambo la kikoloni, kwamba ni mzungu aliyetaka mahali pa kunywa chai akitazama vibarua. Nawajibu kwamba Waingereza neno veranda walilitoa Bara Hindi, na wakati huo watu wa pwani yetu walikwisha kuwa na mabaraza yao. Aliyekuja na kiti hakuleta kukaa.

Wako wasemao kwamba barazani ni mahali pa umbea na uvivu. Ni kweli kwamba umbea upo. Lakini siku hizi umbea wasafiri kwa simu mpaka Dar es Salaam na kurudi kabla chai haijapoa, na wanaousambaza wamejifungia vyumbani. Barazani angalau msengenyaji aweza kupitiwa na yule anayemsengenya, akanyamaza kwa haya.

Wako wasemao juu ya mbu na wezi. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na hilo si la mzaha katika mikoa ya Ziwa. Kadhalika wako wale vijidudu wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama moshi, wakifika taa zizimwe na midomo ifungwe. Basi tusikae barazani usiku kucha. Tukae mchana na jioni mapema, kisha tuingie ndani ya vyandarua. Ama wezi, mwizi aogopa macho kuliko nondo. Nyumba iliyozungushiwa ukuta mrefu, mwizi akisharuka amepata faragha ya kufanya kazi yake.

Hoja ya nne naitoa mwenyewe, kwa sababu mimi ni msichana. Katika miji ya pwani baraza la mbele lilikuwa la wanaume, na wanawake walikaa uani. Sitetei jambo hilo. Lakini hapa kwetu nimewaona wanawake barazani wakichambua mchele, wakisukana nywele, wakinyonyesha, wakihesabu fedha za kikundi chao cha kuweka akiba. Baraza lililozibwa halimpi mwanamke uhuru wowote. Lamrudisha jikoni peke yake.

Hoja ya tano ndiyo nzito, nayo ni fedha. Hapo hapana budi nieleze habari ya nyumbani kwetu.

Bibi yangu ana nyumba Kirumba, yenye baraza lililotazama njia. Nilipokuwa mdogo nilijua saa kwa baraza lile. Saa moja asubuhi Bibi alifagia, akamwagia maji, akaketi. Kila apitaye kwenda mwaloni alimsalimu, “Mwangaluka,” naye akaitikia, “Mwangaluka,” akauliza habari za watoto kwa majina yao. Jioni niliketi hapo na madaftari yangu. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, alikuwa akipita kwenda kununua gazeti, akasimama, akatazama hesabu yangu, akasema, “Rudia ya tatu.” Hakuniita mwanafunzi wake wala hakulipwa. Alipita tu.

Miaka mitatu iliyopita baraza lile lilizibwa likawa fremu ya duka. Ilikuwa nipokewe shule hii ya bweni, na ijapokuwa ada ya shule za sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, kuna godoro, kuna shuka, kuna sare na nauli. Mjomba alipiga hesabu akaona hapana njia nyingine. Kwa hiyo godoro ninalolalia ni baraza la Bibi. Nasema wazi ili msomaji asidhani kwamba naandika kama mtu asiyejua bei ya sabuni. Fremu ile ilinisomesha, nami naishukuru.

Lakini likizo iliyopita nilipofika nyumbani nilimkuta Bibi mkono umefungwa. Aliteleza uani asubuhi, akashindwa kuinuka, akakaa chini pale mpaka karibu saa kumi alasiri, ndipo mpangaji wa duka alipozunguka nyuma kuomba maji akamkuta. Nilimwuliza kama hakuita. Akaniambia, “Niliita, mjukuu wangu. Lakini nilikuwa nyuma, na mbele hakuna mtu.” Majirani walipokuja kumpa pole walikuwa na huzuni ya kweli. Mama mmoja alilia, akasema, “Zamani nisingalivuka saa mbili bila kukuona barazani, ningalipiga hodi.” Hakuwa mtu mbaya. Hakumchukia Bibi. Ila hakuwa na mahali pa kumwona.

Ndugu wasomaji, nimelifikiria neno lile muda mrefu. Tulipohesabu kodi ya fremu tulihesabu shilingi zinazoingia. Hatukuhesabu macho yanayotoka. Hakuna daftari la kuandikia salamu ishirini za asubuhi, kwa hiyo zilipokoma hakuna aliyeona hasara, mpaka siku ya hasara yenyewe.

Sasa narudi shuleni. Shida ya vitanda ni ya kweli. Tangu ada ilipofutwa watoto wengi wameipata nafasi ya kusoma, na hiyo ni neema, lakini mabweni hayakukua pamoja nao. Wako wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wanaolala wawili wawili kitanda kimoja. Kama uchaguzi ungekuwa kati ya mtoto kulala sakafuni na mimi kuwa na veranda ya kusomea, ningesema veranda izibwe leo, nami nitasaidia kubeba matofali. Lakini sidhani kwamba tumekwisha fikia hapo.

Nimeipima veranda ya bweni letu. Ina urefu wa mita 24 na upana wa mita 2. Ikizibwa, na njia ya kupita ikiachwa, vitanda vitaingia katika safu moja tu. Lakini madirisha yote ya upande ule hufunguka kwenye veranda. Siku ukuta utakapopanda, bweni kubwa litabaki na madirisha ya upande mmoja, na upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Tutakuwa tumeongeza watu na kupunguza hewa kwa siku moja. Mwalimu wetu wa Baiolojia ametufundisha kwamba kifua kikuu na mafua hupenda vyumba vilivyojaa watu na kukosa hewa. Mimi sihitaji kuongeza neno.

Liko na lingine la kutisha zaidi. Mwezi Juni mwaka 1994 moto uliunguza bweni la wasichana la Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, wakafa wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni huko Idodi, mkoani Iringa. Mwezi Septemba 2020 moto wa bweni uliua watoto 10 wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili. Sisemi kwamba veranda ingewaokoa, kwa maana kila moto una habari zake. Nasema tu kwamba leo, aliye katika bweni letu akifungua mlango amefika nje. Veranda ikizibwa, akifungua mlango atakuwa ameingia chumba kingine kilichojaa vitanda. Shauri linaloongeza ukuta kati ya mtoto aliyelala na uwanja halifai kupitishwa kwa makofi.

Tena veranda ile ina kazi isiyoandikwa katika ratiba. Chumbani kuna amri ya kulala na darasani kuna amri ya kunyamaza, lakini verandani twaweza kufundishana. Hapo ndipo mwenzangu aliyeshindwa kabisa Kemia alipofundishwa na wa kidato cha chini yake, jambo ambalo asingalilikubali darasani kwa haya. Hapo ndipo Kidato cha Kwanza hukaa wiki ya kwanza wakilia kimya kimya, na Matroni akipita huwaona. Wakilia chini ya blanketi hatawaona.

Basi nimetoa sababu, na anayepinga shauri bila kuleta lake ni mpiga kelele. Langu ni hili. Kwanza, liko jengo la zamani la useremala ambalo sasa limejaa madawati yaliyovunjika. Kuta zake ni nzima, lina madirisha pande mbili na milango miwili. Sisi wanafunzi twaweza kulisafisha kwa Jumamosi mbili, na madawati yale mengi yahitaji msumari tu. Pili, wazazi waliojitolea kuchanga matofali na saruji za kuziba veranda, mchango wao utumike kutengeneza sakafu na paa la jengo hilo. Tatu, ikiwa wakubwa wataona kwamba haiwezekani, basi izibwe veranda ya bweni moja, na hiyo kwa ukuta wa kufika kiunoni tu, juu pabaki wazi na wavu, na mlango wa pili ufunguliwe upande wa nyuma kabla ya kitanda cha kwanza kuingia. Nne, jengo lolote jipya litakalojengwa hapa shuleni lisianze msingi bila veranda. Mita 1 na nusu yatosha. Nimekwisha onyesha hesabu yake.

Nawaomba wazazi pia. Wengi wenu mnajenga Nyakato, Buswelu na Kisesa. Fundi atawaambia kwamba baraza ni kupoteza eneo, afadhali chumba. Mwulizeni fundi huyo, siku ya msiba watu watakaa wapi? Leo mijini tukifiwa twakodi turubai na viti, twafunga njia, magari yapiga honi, nasi twalia katikati ya barabara kama watu wasio na kwao. Mwulizeni pia, mzee wenu atakapokuwa hawezi tena kutembea, ataketi wapi aone dunia ikipita, nayo imwone?

Ama Bibi, mkono wake wapona. Fremu hatukuivunja, kwa sababu mimi sijamaliza kusoma na mdogo wangu anakuja nyuma. Lakini kabla sijarudi shuleni Mjomba alinunua mabati mawili na nguzo mbili, akarefusha paa mbele ya duka, nami nikapiga rangi benchi la mbao tulilolitoa uani. Mpangaji hakupinga. Alisema kwamba wateja nao watapata kivuli. Asubuhi niliyoondoka Bibi alikuwa ameketi pale, mkono wake umening'inia kwenye kitambaa, fimbo kati ya magoti. Nilipogeuka njiani kumpungia, tayari watu wawili walikuwa wamesimama mbele yake wanamsalimu.

Walimu wetu na wazazi wetu, mkutano ujao shauri la veranda litarudi. Tafadhali lizungumzeni polepole. Na kama hali ya hewa itaruhusu, nawaomba mlizungumzie verandani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne